Tuligawana masomo kama mashamba ya kijiji, mock ikatuumbua

Jumatano, saa kumi na nusu jioni, siku yalipobandikwa matokeo ya mock ya Form Four. Hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu kama wapo, shikamooni. Mimi ni wa wale wa kusoma na kupita, kuandika naona haya. Ila leo nimemuona kijana kwenye uzi mwingine anaomba ratiba ya kusomea mtihani, na watu wakammiminia ratiba zenye masaa yaliyokatwa sawasawa kama keki ya harusi. Nikasema hapana, hapa lazima nifungue mdomo.

Haya ni yaliyonipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Enzi hizo nilikuwa naandika dayari na ninayo mpaka leo, kwa hiyo hata hiyo Jumatano sikuibuni. Majina tu nimebadilisha, maana wenzangu sasa ni bibi za watu.

Ni miaka ya Ujamaa, Mwanza. Nilikuwa nasoma shule ya wasichana ya kutwa, kando ya ziwa. Kwetu ni upande wa Bukoba, migombani, lakini nilikuwa naishi Nyakato kwa baba mdogo aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo.

Sasa niwaambie nilivyokuwa. Aibu yangu ilikuwa kama ugonjwa. Mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nilijibu kwa kutikisa kichwa. Nikitumwa chumvi duka la ushirika nilirudi mikono mitupu, sababu nilikuta foleni na ingebidi niulize mtu wa mwisho ni nani. Mama mdogo alikuwa ananiangalia tu, halafu anavaa kandambili anakwenda mwenyewe.

Baba mdogo alishanipangia. Alikuwa ameongea na msimamizi wa zamu yake kwamba nikikosa Form Five niingie kiwandani, kwenye mashine za kusokota, kazi ya kuunga nyuzi zinazokatika.

Msimuone mtu mbaya. Nafasi ile watu walikuwa wanaitafuta kwa udi na uvumba, na yeye aliniombea kwa mapenzi. Lakini mimi niliwahi kuingia mle kumpelekea chakula, nikatoka masikio yanalia mpaka jioni. Niliwaona wale dada wanavyokimbia kati ya mashine, wanaongea kwa ishara za mikono. Nikasema moyoni, mimi hapa hapana.

Nilitaka Form Five ya sayansi. Baadaye niwe mwalimu. Najua mnacheka, bubu anataka kufundisha. Hata mimi nilikuwa najicheka.

Na bila hesabu hakuna sayansi. Hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Sasa mtiririko wenyewe.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza Kabula, wa Buswelu, binti wa Kisukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Akiongea darasani hata darasa la jirani linaandika. Wa pili Rhoda, wa Majita, mtoto wa mvuvi, mdomo umejaa utani. Wa tatu mimi.

Tulianzisha kundi la kusoma, tukaliita Kijiji. Ndio mambo ya wakati ule, kila kitu kilikuwa kijiji. Kabula akawa mwenyekiti bila uchaguzi.

Tukasema hivi: masomo ni mengi na muda ni mdogo, basi tugawane kama mashamba. Kabula alime Hesabu na Fizikia. Rhoda alime Historia, Jiografia na Siasa. Mimi nilime Biolojia na Kemia. Kila mtu anasoma shamba lake, anaandika muhtasari mzuri, wengine tunanakili. Mavuno ni ya wote.

Na kwenye ratiba kila somo likapewa muda sawasawa na jingine, maana kulipendelea somo moja ingekuwa ubaguzi. Msinicheke, hilo neno ubaguzi tuliliandika kabisa juu ya ratiba. Mwalimu wa Siasa alipoiona akatusifia mstarini mbele ya shule nzima. Tulivimba vichwa.

Mimi ratiba ile niliipenda kwa sababu nyingine. Kunakili hakuhitaji kuuliza. Nilikuwa nanakili hesabu za Kabula kwa mwandiko mzuri, napigia mistari kwa rula, nafunga daftari naona nimesoma.

Basi ikaja mock. Na ile Jumatano, saa kumi na nusu, ubaoni, mambo yakawa hivi: Kabula wa kwanza Hesabu, Biolojia amefeli. Rhoda wa kwanza Historia, hesabu amepata chache. Mimi wa kwanza Biolojia, Kemia sijambo.

Hesabu, kumi na nane kwa mia.

Rhoda akasimama pale mikono kiunoni. "Jamani, kijiji chetu kimevuna. Ila kila mtu na ghala lake, na funguo hatujapeana."

Kabula hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia zile mashine kichwani.

Kesho yake Mwalimu Bwire, wa hesabu, akaniita mbele ya darasa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kumi na nane. Hii ni maksi au ni umri wako?"

Darasa likaangua kicheko. Akafungua daftari langu, akaona ile mistari ya rula. Akamwangalia Kabula, akaniangalia mimi.

"Mwandiko wako, akili ya mwenzako. Kabula akila ugali, wewe unashiba?"

Nikatikisa kichwa.

"Sikusikii."

Akanirudishia daftari, nikaenda kukaa.

Wakuu, yule mwalimu alikuwa na maneno makali na wala hakunipa dawa yoyote. Lakini lile la ugali nililala nalo. Kweli, mahindi ukinipa nakula. Jembe ukinipa nalima. Kuelewa utanipaje? Tulikuwa tumeshika siasa ya kugawana na kuipeleka mahali isipofanya kazi.

Hapo ndipo wazo likanijia. Kwenye mock kila mmoja alijua lile somo alilowaandikia wenzake. Wale walionakili hawakupata kitu. Kumbe anayefaidi ni anayefundisha! Basi anayetakiwa kufundisha hesabu si Kabula anayeijua. Ni mimi nisiyeijua.

Kulisema hilo mbele ya watu wawili kulinishinda. Nikaliandika kwenye karatasi nikampa Rhoda, naye akasimama juu ya jiwe akalisoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Kwamba kuanzia sasa kila mtu atafundisha somo linalomshinda, na wanaolijua watasikiliza na kumsahihisha. Kwamba masaa hayatakuwa sawa tena. Mimi hesabu nyingi, Biolojia kidogo tu Jumamosi ili isisahaulike. Kabula vivyo hivyo kwa Biolojia yake. Rhoda agawe mwenyewe anavyoumia.

Kabula akawaka. "Yaani huyu wa kumi na nane anifundishe hesabu mimi?"

"Ndugu Mwenyekiti, tulia," Rhoda akasema. "Na wewe utamfundisha minyoo."

"Na usawa uko wapi?"

Nikajikuta nimesema, kwa sauti ndogo: "Mgonjwa wa mguu hapakwi dawa mwili mzima."

Wakanigeukia wote wawili. Rhoda akasema, "Ee, kumbe anaongea!" Nikaangalia chini, lakini hoja ilikuwa imepita.

Sasa muda tutautoa wapi? Nyumbani kwangu ilikuwa haiwezekani. Baba mdogo akitoka zamu ya usiku analala mchana, na nyumba ya chumba na sebule yenye watoto wadogo, hata kufunua ukurasa ni kelele. Jioni mafuta ya taa ni ya shida, taa inawashwa ili watu wale chakula, kisha inazimwa. Kabula alikuwa na safari ndefu ya miguu mpaka Buswelu, akifika anakuta kazi.

Tukajaribu muda wa chakula cha mchana, darasani. Nikasimama ubaoni na chaki. Wenzetu wengine wakawa wanachungulia dirishani. Nikaandika mstari wa kwanza wa swali, chaki ikavunjika. Nikasikia mtu nje anasema, "Leo bubu ana darasa." Nikatoka mbio mpaka chooni, nikalia huko.

Dayari ya siku hiyo ina mstari mmoja tu: Bora nizoee kelele za mashine.

Wapo watakaouliza kwa nini sikumfuata mwalimu nikamueleza shida yangu. Ndugu zangu, mwenye aibu ya namna ile akiweza kufanya hivyo, basi hana aibu.

Iliyotuokoa ni bustani.

Mnaokumbuka Elimu ya Kujitegemea mnajua. Kila darasa lilikuwa na shamba lake, na sisi tulikuwa na kabichi na mchicha. Kila siku baada ya masomo tulishuka ziwani na ndoo kuteka maji, tukapanda nayo bustanini, tukamwaga, tukarudi. Wengi waliuhesabu huo kama muda uliopotea. Hata kwenye ratiba yetu nzuri haukuwemo.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, inapita katikati ya mawe makubwa ya Mwanza haya mnayoyajua. Watu wawili hawapiti sambamba. Mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, ngata kichwani, ndoo juu yake, shingo imenyooka. Ukigeuka maji yanakumwagikia.

Siku mbili baada ya ile aibu ya ubaoni, nilikuwa mbele, Rhoda katikati, Kabula nyuma. Rhoda akasema tu, "Mwalimu, leo tunasoma nini?"

Nikapanda hatua chache. Halafu nikagundua kitu. Hakuna anayeniona uso. Mimi naangalia mawe, wao wanaangalia mgongo wangu.

Nikaanza. Nikasema swali la mlinganyo mmoja mdogo, nikasema tunahamisha hii kwenda upande wa pili.

Kutoka nyuma kabisa: "Umehamisha hujageuza alama! Rudi!"

Nikarudi. Nikarekebisha. Tukafika juu swali limeisha, nikamwaga maji kwenye kabichi kwa furaha. Swali moja tu, lakini nimelisema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kuanzia hapo njia ile ikawa darasa. Kushuka na ndoo tupu anafundisha mwingine, kupanda na ndoo imejaa nafundisha mimi. Kabula alifundisha Biolojia kama anagombana nayo. Siku moja tupo ndani ya maji mpaka magotini, yeye anaeleza kichocho, konokono na mzunguko wake wote, Rhoda akamkatiza: "Sasa daktari, na miguu yetu hii je?" Tukatoka mle majini kama tumeona mamba. Kuanzia siku hiyo tulitekea juu ya jiwe. Hiyo ndiyo faida ya kufundisha, inakufanya usikie unachosema.

Na mimi nikaanza kusikia ninachosema. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na njiani tuliongea Kiswahili. Nikagundua nilikuwa nimekariri maneno matupu. Nikiambiwa eleza kwa Kiswahili, nakwama.

Kubwa lilikuwa hili. Hasi mara hasi inakuwa chanya. Nimeliimba tangu Form One.

Rhoda, katikati: "Kwa nini?"

"Ndiyo kanuni."

"Najua kanuni. Nauliza kwa nini."

"Mwenyekiti, kwa nini?" Rhoda akamtupia Kabula. Kabula naye, yule wa kwanza wa Hesabu, akasema, "Ndiyo ilivyo, tembea." Kumbe hata yeye hajui!

Sijui lilinijia wapi. Nilisimama. Bustani ilikuwa mbele yangu, ziwa nyuma. Nikasema: kwenda bustanini ni chanya, kwenda ziwani ni hasi. Nikigeuka nikaangalia ziwani, nimeshakuwa hasi. Sasa nikiwa nimeangalia ziwani, nikatembea kinyumenyume, ambayo ni hasi nyingine, nitaelekea wapi?

Nao wakawa wanasubiri. Basi nikageuka kweli, ndoo kichwani, nikaanza kurudi kinyumenyume taratibu. Maji yananimwagikia shingoni, nguo yote imelowa. Na kila hatua naikaribia bustani.

"Mayu, mama yangu!" Kabula akasema polepole. "Anakwenda bustanini."

Wakati huo ndio nikatambua kwamba nimewageukia. Naziona nyuso zao, wao wanauona wangu, na bado naongea. Sikufa.

Rhoda akasema, "Endelea basi, mwalimu. Mbona umesimama?"

Wakuu, nikiandika hapa machozi yananilenga. Sijui kama mnanielewa.

Maumbo hatukuweza kuyasema kwa mdomo, hayo tuliyachora kwa kijiti kwenye mchanga, pale maji yanapofika na kurudi. Ukichelewa, wimbi limefuta. Ilinifundisha kukumbuka hatua zote bila kuangalia. Wimbi likifuta nachora tena, bila daftari, mpaka mkono ukajua.

Hatukusoma kila siku. Jumapili ilikuwa marufuku. Mama mdogo alikuwa Mlutheri wa kweli, na aliposikia nakusudia kukosa ibada ili nisome alisema, "Kichwa nacho kina Jumapili yake." Nikakasirika, lakini nilikuja kuona Jumatatu hesabu zinaingia vizuri kuliko Jumamosi. Na nilikuwa nalala. Wale wanaojisifia kukesha, mimi sikukesha hata usiku mmoja, mafuta ya taa yalikuwa wapi?

Mtihani ukafika. Karatasi ya Hesabu ilikuwa asubuhi. Nikaifungua, macho yakaona giza kidogo, nikafumba. Nikajiweka njiani, ndoo kichwani, nikaanza kumueleza Rhoda swali la kwanza.

Msimamizi wa mtihani akaja kwenye meza yangu. "Binti, unaongea na nani?"

Kumbe midomo ilikuwa inacheza! Nikasema, "Hakuna, mwalimu. Nasali." Akaguna, akaondoka. Nikaendelea kusali mpaka swali la mwisho.

Tulipotoka nje, Kabula akaanza, "Lile la nne umepata ngapi?" Rhoda akamziba mdomo kwa kiganja. "Ndugu Mwenyekiti, mkutano umeahirishwa." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Wepesi nilioupata siku ile sikuwa nimewahi kuujua. Nilikuwa sijui kama nimefaulu, lakini nilijua nilichokiandika ni changu.

Miezi ikapita, nikisaidia kazi za nyumbani. Baba mdogo alikuwa amenikumbusha mara kadhaa kwamba msimamizi wa kiwandani anasubiri jibu. Halafu Ijumaa moja mchana Rhoda akaja anakimbia mpaka Nyakato, kanga imedondoka mabegani, majina ya Form Five yamefika shuleni.

Nilikuwemo. Sayansi. Kabula naye. Rhoda alichaguliwa mchepuo wa Historia, na alisema afadhali, hesabu angeiacha salama.

Nilikaa chini pale mlangoni nikapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama mdogo akapiga vigelegele, watoto wakaamka, baba mdogo naye akaamka kwenye usingizi wake wa mchana na kwa mara ya kwanza hakugomba.

Kwa hiyo kijana uliyeomba ratiba, na wengine mnaojiandaa. Usigawe masaa kwa usawa, gawa kwa maumivu. Linalokutisha lipe muda mwingi, na ulipe ule muda ambao kichwa bado kizima. Unalolijua ligusie tu lisikimbie. Soma na watu, lakini usimuache anayejua akufundishe kila siku. Mfundishe wewe, akukosoe. Ukiona haya, tafuta njia yako nyembamba, mahali ambapo hawakuoni uso, uanzie hapo. Halafu angalia muda unaouhesabu kuwa umepotea, huenda ndio mzuri kuliko yote. Mengine mtaongezea nyie, najua humu kuna walimu na kuna waliosoma kwa njia tofauti kabisa. Mpingeni bibi yenu, nitasoma yote na safari hii nitajibu.

Kabla hamjaanza, nimalizie asubuhi iliyofuata.

Baba mdogo alisema atampelekea msimamizi jibu mwenyewe. Nikasema hapana, nafasi iliombwa kwa ajili yangu, nitakwenda mimi.

Tukaongozana. Mlangoni mwa ukumbi wa mashine kelele zikanipokea kama siku ile nilipopeleka chakula. Msimamizi alikuwa mtu mzima, nywele zimejaa pamba. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo!"

Akaweka mkono sikioni. Baba mdogo akafungua mdomo anisemee, nikamshika mkono.

"SHIKAMOO BABA!"

"Marahaba! Umekuja kuanza?"

"HAPANA! NIMEKUJA KUSHUKURU! NAFASI MPE MWINGINE! NIMECHAGULIWA FORM FIVE!"

"Nini? Sisikii!"

Wale dada waliokuwa wakiunga nyuzi wakageuka kuniangalia, mstari mzima. Nikavuta pumzi, nikarudia.